Matone ya nano ya wajawazito, elfu 85 taslimu: nayapa nyota 1 kati ya 5

Nimekaa na hii kitu moyoni miezi mingi, niandike nisiandike, maana ukishaandika watu wanakucheka, fundi mzima una akili zako unapigwa elfu themanini na tano na kijana wa pikipiki. Ila juzi kaja mteja hapa kibarazani kwangu Chikongola, Mtwara, mimba ya miezi sita, namshonea gauni la kulegea, anafungua pochi atoe hela ya kianzio naona kachupa kalekale, kifuniko cha rangi ya dhahabu, picha ya mama na mtoto ndani ya tone la maji. Nikasema basi, leo naandika, acheke anayecheka.

Bidhaa yenyewe ni chupa ya kahawia ya mililita 30 yenye dropa, imekaa ndani ya boksi jeupe zuri kweli, ukilishika unaona hela yako imeenda pazuri. Jina silitaji kwa sababu wanalibadilisha kila mara, yangu ilikuwa na jina lake na ya yule mteja ina jina jingine, lakini chupa ndo hiyohiyo na maneno ndo hayohayo. Imeandikwa ni teknolojia ya nano, inapeleka dawa moja kwa moja kwenye kondo la nyuma, inazuia kifafa cha mimba, inazuia mimba kuharibika, inazuia uchungu wa kabla ya siku, inaongeza damu, na chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi, inaondoa uchovu na mba. Mba jamani! Hapo tu ningeshtuka, ila mtu ukiwa na hofu husomi mpaka chini.

Na hofu nilikuwa nayo ya kweli. Mimba yangu ya kwanza nilianguka kifafa wiki ya 34. Nakumbuka nilikuwa naanua nguo, nikaona vimulimuli mchana kweupe, kichwa kinagonga kama cherehani limekatikiwa uzi, baada ya hapo sijui kitu mpaka nazinduka kesho yake nina mpira wa mkojo na mama mkwe kakaa pembeni anavuta uradi. Mtoto akatoka njiti, kilo 1.9, nikambeba kifuani kangaruu wiki tatu. Leo yuko darasa la kwanza anavunja viti vya watu, alhamdulillah, ila ile picha haijawahi kunitoka.

Kwa hiyo ya pili ilipoingia nikawa mtu wa kliniki sana. Daktari akanianzishia aspirini ndogo ya miligramu 75 mapema, wiki ya 13, na vidonge vya kalisiamu, na presha ilipoanza kunyanyuka wiki ya 24 akaongeza Aldomet kutwa mara tatu. Ikawa inacheza hapo 136 kwa 86, 138 kwa 88, nesi anasema sio mbaya mama tunakwenda. Sasa mie hiyo "sio mbaya" haikunitosha. Nilitaka mtu aniambie haitatokea tena.

Ndo akatokea huyo kijana. Msimu wa korosho umechanganya, watu wana hela, wachuuzi wa kila aina wanapita mitaani na huyu naye kavaa koti jeupe la maabara, chini ndala, nyuma ya pikipiki kafunga boksi la chupa kwa mpira. Anaongea vizuri sijapata kuona. Akanionyesha kwenye simu habari, kwamba Wamarekani wamepata sindano ya nano inayoshusha presha ya mimba, picha ya maabara na panya weupe. Nikasoma kwa macho yangu. Akasema hii ndo yenyewe dada, imetoka huko, sisi tumepata mgao wa Kusini. Halafu akasema neno ambalo ndo linanifanya niandike leo, hela wala sio tatizo: "Ila hivi vidonge vya hospitali vina kemikali, nano haipatani na kemikali, visitishe kwanza siku kumi nano ishike."

Nikavisitisha. Naandika hapa sijui naficha uso wapi.

Matumizi: matone 15 chini ya ulimi asubuhi na jioni. Ladha yake haina ubaya, tangawizi, utamu wa glisirini, mwishoni inakuachia kama ile dawa ya kikohozi ya watoto. Harufu nzuri. Ila chini ya chupa kuna unga wa kahawia umekaa kama mashapo ya chai, ukitikisa unachanganyika, ukiweka juu ya meza ukamaliza kupiga lisani moja unakuta umesharudi chini. Kwenye karatasi wameandika hizo ndo nano zimepumzika. Eti zimepumzika.

Siku nne. Siku ya tano ilikuwa tarehe yangu ya kliniki, na siku hiyo nilikuwa najisikia mzima kabisa, hakuna kichwa, hakuna kizunguzungu, miguu haijavimba zaidi ya kawaida, nikajua nano imeshika. Nesi akafunga mkanda, akapampu, akautoa, akaangalia, akaufunga tena. Akaniambia nilale ubavu wa kushoto nipumzike kwanza. Robo saa akarudi. 156 kwa 104. Mkojo, kile kijiti kikabadilika rangi, protini ya alama moja. Akaniuliza kwa sauti ya chini wala bila ukali, "Mama, dawa umemeza?" Mie kimya. Akarudia, "Mama, mie sikugombezi, nataka kujua tu." Nikafungua pochi nikatoa chupa.

Nikalazwa siku mbili, vidonge vikarudi, presha ikashuka taratibu. Sisemi matone ndo yalinipandisha, hapana, maana naona hayana nguvu ya kupandisha wala kushusha chochote. Kilichopandisha ni kuacha dawa. Na ile ya kujisikia mzima ndo inayoniogopesha mpaka leo, kwamba presha inaweza kufika hapo na wewe unakata kitambaa unaimba.

Niliporuhusiwa nikapitia kwa mama wa duka la dawa muhimu hapa mtaani kwetu. Huyu mama nampa nyota 4 palepale, ya tano nimeizuia kwa sababu hana chenji siku zote na akianza kuongea na simu utasimama dirishani mpaka jua likugeuze. Kachukua chupa, kawasha tochi ya simu, kaigeuza pande zote. Kasema namba ya usajili wa TMDA, ile mamlaka ya dawa, iko wapi? Haipo. Mtengenezaji yuko nchi gani, anuani? Haipo. Tarehe ya mwisho wa matumizi? Kuna mwaka tu, umegongwa mhuri kama risiti ya ushuru. Halafu akapitisha ukucha kwenye kona ya stika, ikainuka. Chini yake kuna stika nyingine. Jina tofauti, chupa hiyohiyo, picha ya babu kashika kiuno: maumivu ya viungo kwa wazee. Tulicheka mpaka machozi, yeye ya kucheka, mie sijui ya nini.

Nyumbani nikampigia mdogo wangu wa kiume, anasoma famasia Dar, nikitegemea pole. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, dada, ile habari uliyoonyeshwa ni ya kweli, aliyekuonyesha ndo muongo. Hapo nikakaa. Maana nilishajiandaa kuambiwa nano yote ni uzushi. Akaanza kunitumia sauti za dakika saba saba, nikawa nazisikiliza huku napiga pindo, na naomba niwaelezee kama nilivyoelewa kwa sababu hapa ndo penye kitu.

Nano ni kipimo tu, kama nchi na futi za kwenye tepu yangu. Milimita moja ukiigawa vipande milioni, kipande kimoja ndo nanomita. Unywele wa kichwa unene wake ni kama nanomita elfu 80 mpaka laki moja, na vifuko vya kubebea dawa vingi viko kwenye mia hivi. Kwa hiyo huwezi kuviona vimepumzika chini ya chupa. Ukiona unga, huo ni unga.

Sasa kifuko cha nini? Akasema dawa ya kawaida ukimeza inasambaa mwili mzima, kama mtu kamwaga ndoo ya maji barazani ili alowanishe ua moja. Kwa mjamzito mwili mzima maana yake na mtoto yumo. Ndo wakapata wazo la kuifunga dawa kwenye kifuko kidogo, vingi vinatengenezwa kwa mafuta, ili kiende kinakotakiwa na kifunguke hukohuko. Na hili sio jambo la jana. Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa kwenye kifuko cha mafuta, Marekani waliiruhusu mwaka 1995. Chanjo za Korona za Pfizer na Moderna nazo ni vichembe vya mafuta vya nano vimebeba ndani mRNA, yaani ujumbe wa kuiambia seli itengeneze protini fulani. Kumbe watu wengi tumeshachomwa nano mkononi tukaenda zetu kunywa chai.

Halafu kondo. Nimebeba mimba mbili sijawahi kuelezwa kondo linafanya nini kwenye kifafa cha mimba, nilijua ni presha tu, wengine wanakuambia ni mashetani. Akasema mishipa ya mji wa mimba inatakiwa mapema kabisa itanuke ili damu imiminike kwenye kondo. Kwa wengine haitanuki vizuri. Kondo linakaa na njaa, linaanza kumwaga vitu kwenye damu ya mama, kimojawapo ni protini inaitwa sFlt-1, hiyo ikifika kwenye damu inanasa nyingine inaitwa VEGF ambayo kazi yake ni kuilea mishipa, basi mishipa ya mama mwili mzima inakosa mleaji, inabana, presha inapanda, figo zinaanza kuvuja protini, ndo maana wanatudai mkojo kila tarehe. Ndo maana pia mpaka leo tiba yake hasa ni kulitoa kondo, yaani kuzaa. Mengine yote ni kuvuta siku.

Ile habari ya kwenye simu ni hii: Chuo Kikuu cha Pennsylvania, timu ya Michael Mitchell, mtafiti aliyeongoza kazi hiyo Kelsey Swingle, ilitoka jarida la Nature Desemba 2024. Walitengeneza vifuko vya mafuta vya aina 98, wakavichuja mpaka wakapata kimoja kinacholipenda kondo, kikapeleka mzigo kwenye kondo zaidi ya mara 100 kuliko kifuko cha aina iliyokwisha kuruhusiwa kwa dawa nyingine. Ndani wakatia ujumbe wa kuliambia kondo litengeneze VEGF, ileile inayonaswa. Sindano moja, presha ikashuka ikakaa chini mpaka mwisho wa mimba. Nikamwambia sasa si ndo hiyo! Akasema, "Dada, panya. Mimba ya panya ni wiki tatu. Kondo la panya sio lako."

Nikamuuliza kifuko kinajuaje njia? Hili jibu nalipenda kuliko yote. Kwenye utando wa kila aina ya seli kuna vitu vimechomoza, kila mahali vya kwake, na ukibandika nje ya kifuko kitu kinachoingia pale, kinakwama pale. Kifungo na tundu lake, nikamwambia. Akasema hasa, kifungo na tundu.

Na nani wa kwanza kulijua tundu la kondo? Malaria. Nyie! Sisi watu wa huku malaria ni jirani yetu, kila kliniki unapewa zile SP tatu unameza mbele ya nesi na kikombe cha maji anashika yeye, hatujui kwa nini mjamzito anaandamwa hivyo. Ni kwa sababu seli nyekundu zilizoingiwa na mdudu wa malaria zina kifungo kinachoingia kwenye sukari fulani iliyoko kwenye kondo, zinajishikiza hapo zinajazana, mtoto anakosa chakula. Hiyo waliionyesha Michal Fried na Patrick Duffy mwaka 1996 kwa makondo ya akina mama wa Kisumu, Kenya, sio panya hao. Sasa watafiti wa Shenzhen, China, wakachukua kipande cha kifungo cha malaria wakakishonea kwenye vifuko vya nano, na mwaka 2018 wakaonyesha kwa panya kwamba dawa inakwenda kwenye kondo. Yaani wamemwibia mwizi funguo. Mie nilisimamisha cherehani.

Kuna na wa Manchester, Uingereza, Lynda Harris na wenzake, 2016, waligundua vipande vya protini vilivyojulikana kukimbilia uvimbe wa saratani vinakimbilia na kondo, wakavitia kwenye vifuko vyenye protini ya kuchochea ukuaji, vichanga vya panya vilivyodumaa tumboni uzito ukawa afadhali. Na Newcastle ya Australia 2017 wao walishughulika na uchungu wa kabla ya siku, dawa ya indomethasini inatuliza mji wa mimba ila ikimfikia mtoto inaweza kumuharibia mshipa wa karibu na moyo, wakaifunga kwenye kifuko kinachoshika mji wa mimba wenyewe. Panya tena.

Nikauliza kwa nini wanakaa na panya miaka yote hii wakati sisi tunaanguka. Akanitajia thalidomaidi. Dawa ya kichefuchefu na usingizi, ilikuwa inauzwa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wajawazito bila kupimwa kwao inavyotakiwa, watoto zaidi ya elfu kumi wakazaliwa na viungo vifupi au bila viungo, wakaja kuiondoa sokoni kuanzia mwaka 1961. Tangu hapo kila mtu anaogopa kumjaribia dawa mjamzito. Hofu ya haki, lakini imetuacha na dawa chache na za zamani. Kwa hiyo nano ya kondo lazima kwanza ijulikane inakaa muda gani, inapenya kwa mtoto au haipenyi, maini ya mama inayafanyaje. Hakuna nano ya kifafa cha mimba iliyoruhusiwa kuuzwa. Sio Mtwara, sio Dar, wala huko Marekani kwenyewe.

Na hata ingekuwepo isingekuja kwa namna ile. Hizo za mRNA ni za kuchoma, ukizinywa tumbo linazisaga kama linavyosaga ugali. Chanjo ya Pfizer ilipoanza ilikuwa inatunzwa kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Yangu ilifungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, jua la Novemba la Mtwara, mchana wa saa nane.

Haya, turudi kwenye mapitio maana naona nimekwenda mbali.

Thamani ya pesa: elfu 85 ni magauni mangapi ya kushona hesabu mwenyewe. Aspirini ndogo na Aldomet vya mwezi mzima havikufika hata robo ya hiyo kwa yule mama wa dirishani. Hii sisemi kama mtu anayepigia debe hospitali, foleni tunazijua, kuna siku unafika saa moja asubuhi unatoka adhuhuri na mgongo umekatika. Ila kidonge kilichochakaa jina ambacho kila nesi anajua kinafanya nini ni bora mara mia kuliko kitu kipya ambacho anayekijua ni anayekiuza peke yake.

Na kuna kitu kimoja cha zamani lazima nikitaje kwa sababu kilinikuta wiki ya 36. Usiku kichwa kikaanza, palepale nyuma ya macho, vile vimulimuli vikarudi, nikamuamsha mume wangu nikamwambia bajaji sasa hivi. Kufika 164 kwa 112. Nesi akasema magineziamu. Mara ya kwanza nilichomwa nikiwa sina fahamu, safari hii nilikuwa macho. Inaingia kwenye mshipa taratibu, na joto linapanda toka kifuani mpaka masikioni kama umefungua sufuria la pweza linalochemka usoni, halafu sindano za matakoni, kila upande moja, hizo nisidanganye, zinauma, nililia kwa mama yangu ambaye yuko Newala. Kila baada ya muda anakuja kunigonga goti kwa kinyundo aone mguu unaruka, anahesabu pumzi, anaangalia mfuko wa mkojo, maana ikizidi nayo ina hatari yake. Mdogo wangu alinieleza baadaye kwamba ulifanyika utafiti mkubwa, ukatoka mwaka 2002, wanawake zaidi ya elfu kumi kwenye nchi 33, na hiyo magineziamu ikapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Chumvi tu. Haina kifuko, haina tundu wala kifungo, inakwenda mwili mzima kama ile ndoo ya maji, na sikuanguka.

Wakanianzishia uchungu, binti yangu akatoka kilo 2.4, analia kama mwizi kashikwa sokoni. Mama mkwe na uradi wake yupo pembeni kama kawaida.

Huduma baada ya mauzo: binti alipofikisha siku arobaini nikatafuta namba ya yule kijana, iko bado hewani. Nikamwambia kwa upole tu, kaka dawa yako nusura iniue, naomba hela yangu. Hakukasirika hata kidogo. Akasema pole sana dada yangu, tatizo ni kwamba ulitumia chupa moja, nano inafanya kazi kuanzia chupa ya tatu, na kwa kuwa wewe ni mteja wa zamani atanipunguzia. Nikamuuliza je una ya viungo? Kimya kidogo. Akasema ipo pia, za nani? Nikakata.

Yule mteja wangu wa juzi nilimbandulia stika ya kwake hapohapo kwa sindano ya cherehani. Chini yake hakukuwa na babu, kulikuwa na msichana mwenye nywele ndefu. Nikamuuliza vidonge vyake vya kliniki viko wapi, akasema kaviacha nyumbani kabatini, tangu Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi. Gauni nikaliweka chini, nikafunga kibanda, tukapanda bajaji moja.

Nyota: matone yenyewe sifuri, maelezo sifuri, ladha siipi kitu maana sikununua juisi. Hiyo nyota moja ni ya dropa. Mpira wake mzuri, haivuji, inatoa tone moja moja kama ulivyoiomba. Niliichemsha, nikaikausha, sasa hivi natilia mafuta cherehani.